Jumanne na Ijumaa za Mpondwe: Historia Fupi ya Watu wa Kujitolea wa Bwera na Kasese



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kamati imeona vema kuandika habari za watu ambao majina yao hayaonekani katika ripoti wala katika mabango ya miradi. Hao ni watu wa kujitolea wa Bwera na wa mji wa Kasese. Wengi wetu tulipita mikononi mwao kabla ya kufika huku kambini. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawawajui, na hata kikundi chetu kinachokutana kila Alhamisi wanadhani kililetwa na shirika. Hakikuletwa na shirika. Tulikiiga kwa majirani zetu wa mpakani.

Kuna sababu nyingine ya kuandika sasa. Swali limezuka kambini: kama posho imekatwa, kwa nini mtu aendelee kujitolea? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kelele. Tutazame kwanza historia.

MPAKA NA WATU WAKE

Bwera iko kusini-magharibi mwa wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mto Lhubiriha ndio mpaka. Ng'ambo ya Uganda ni Mpondwe, ng'ambo ya Kongo ni Kasindi, na barabara inaendelea hadi Beni na Butembo. Wakonzo wa upande mmoja na Wanande wa upande wa pili ni ndugu. Lugha zao zinasikilizana, wanaoana na wanazikana. Mpaka ulichorwa na wazungu, lakini msiba hauulizi cheti.

Kila Jumanne na Ijumaa kuna soko Mpondwe. Siku za kawaida watu elfu kadhaa huvuka. Siku za soko idadi imewahi kuhesabiwa kuwa karibu 20,000. Wanakuja na kahawa, maharagwe, mawese, samaki wa chumvi, vitenge na sabuni. Hapo Kiswahili ndicho lugha ya kununua na kuuza. Basi ukitaka kuielewa kazi ya kujitolea ya Bwera, anza na siku hizo mbili, kwa maana heri na shari zote hupitia sokoni.

Mji wa Kasese una historia yake tofauti. Reli ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na wafanyakazi wakaja kutoka pande nyingi. Mtu aliyefika kwa kazi hakuwa na shangazi jirani wala mjomba wa kumchimbia kaburi. Mahali ambapo mtu hana ukoo, chama humfaa kama ukoo. Ndiyo maana katika miji ya namna hiyo vyama vya kusaidiana, vikundi vya makanisa na vya misikiti huota mizizi.

VYAMA VILIVYOTOKA MBALI

Juu ya desturi hizo za kienyeji yalikuja mafundisho mawili kutoka nje, nayo yalikubalika kwa sababu yalifanana na yale watu waliyoyajua.

La kwanza ni la Msalaba Mwekundu. Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino huko Italia, Henry Dunant aliona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwauguza majeruhi wa pande zote mbili bila kuuliza walitoka jeshi gani. Kutokana na hayo chama kikaundwa Geneva mwaka 1863. Uganda kilianza mwaka 1939 kikiwa tawi la Uingereza, na mwaka 1964 kikawa chama cha taifa kwa sheria ya Bunge. Kujitolea ni mojawapo ya misingi yake saba iliyotangazwa mwaka 1965.

La pili ni la Rotary, iliyoanzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na watu wanne. Walikutana kwa zamu katika ofisi zao, na jina likatoka katika zamu hiyo. Kampala ilipata klabu yake mwaka 1957. Wengi wetu hatukuwahi kuingia katika hoteli wanamokutana wanachama wa klabu hizo, lakini jambo moja la kwao limeenea hata kwa watu wasio na viatu: kukutana kila wiki, siku ileile, saa ileile, kuwe na shida au kusiwe.

SALONGO

Hapa lazima tuseme jambo la kwetu. Wazee wetu waliokulia Zaire ya Mobutu wakisikia «kazi ya jamii» hukunja uso. Wanaikumbuka salongo. Ilikuwa kazi ya lazima, kufyeka na kufagia kwa amri ya wakubwa, na asiyetokea aliadhibiwa. Na kabla ya salongo kulikuwa na kazi za kulazimishwa za Wabelgiji, ambazo babu zetu walizifanya chini ya fimbo. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiambiwa ajitolee, haki yake ni kuuliza: ni nani anayetuamuru safari hii?

Ndiyo sababu tulipofika Bwera tuliwatazama sana watu wale wenye fulana zilizopauka. Hawakuwa na askari nyuma yao. Hapakuwa na diwani anayewapigia filimbi. Walikuwa walimu wa shule za msingi, mafundi cherehani, waendesha boda boda, akina mama wauza ndizi. Walikuja kwa hiari na wakaondoka jioni kwenda kulima mihogo yao.

WIKI YAO ILIVYOKUWA

Kikundi tulichokifahamu zaidi kilikuwa na watu wapatao ishirini. Mkutano wao ulikuwa Alhamisi saa kumi alasiri. Kwa nini Alhamisi? Jumamosi haikuwezekana, kwa kuwa Waadventista ni wengi katika Bukonzo na hiyo ni Sabato yao. Jumapili ni ya Waanglikana na Wakatoliki. Ijumaa ni swala ya Waislamu, tena ni soko. Jumanne nayo ni soko. Walipopanga siku ambayo haimfungii mtu yeyote nje, walikuwa wamekwisha kufanya nusu ya kazi ya amani.

Jumatatu walitembelea nyumba: mgonjwa aliyetoka hospitali, mama aliyejifungua, mzee asiye na mtu wa kumtekea maji. Jumatano walisafisha chemchemi na mifereji, kila mmoja na jembe lake. Jumanne na Ijumaa baadhi yao walikwenda mpakani na sokoni kuangalia mtoto aliyepotea, mtu aliyeanguka kwa jua, na wageni wanaoingia na mafurushi kichwani. Mara nyingi hao wageni tulikuwa sisi. Alhamisi daftari lilifunguliwa: nani alitembelewa, nani hakutembelewa, nani amehama. Kila mmoja alitoa shilingi kidogo za sabuni na mafuta ya taa. Asiyekuja bila udhuru alilipa mche wa sabuni. Faini haikuwa kubwa, lakini hakuna aliyependa jina lake lisomwe.

Aliyekuwa mgonjwa mlimani alibebwa kwa machela hadi barabarani, kwani vijiji vingi vya juu havifikiwi na gari. Wabebaji hupokezana. Tunaona kwamba machela ndiyo shule ya kwanza ya kujitolea: huwezi kuibeba peke yako, na huwezi kuiacha njiani.

MIAKA YA MITIHANI

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Zaire wakashambulia Mpondwe na Bwera. Baada ya hapo, kwa miaka kadhaa, familia za milimani zilikimbilia kwenye vituo vya biashara na uwanja wa shule. Watu wa Bwera wakajifunza kuwa wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Tunaamini hilo lilichangia namna walivyotupokea. Aliyelala kwenye sakafu ya darasa anajua kwamba mgeni huhitaji kwanza maji na mahali pa kwenda haja. Maswali yanaweza kungoja.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika kutoka milimani ukabeba nyumba, madaraja na mawe makubwa, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mwezi Julai mwaka huohuo, baada ya shambulio la Kamango, Wakongo zaidi ya 60,000 walivuka kuingia Bundibugyo. Na kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya Beni yakatufanya wengi wetu kushika njia ya Kasindi. Mei 2020 Nyamwamba ulifurika tena, ukaimaliza hospitali ileile, wakati mpaka umefungwa kwa sababu ya Korona.

Lakini mtihani uliotufundisha zaidi ni Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kwetu Beni na Butembo watu wengi hawakuamini. Walisema ni biashara, ni siasa. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao waliouawa kwa mapanga, bila mtu kuja kuwasaidia, waliwaona wageni wakija ghafla na magari mengi kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Shaka yao ilikuwa na mzizi.

Mpondwe palikuwa na mapipa ya maji yenye klorini, na watu wa kujitolea walisimama kutwa wakipima joto la kila paji la uso. Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka kutoka Kongo na jamaa zake na kupelekwa hospitali ya Kagando, alikuwa na Ebola. Alifariki katika kituo cha Bwera, na bibi yake akafuata. Mwishoni mwa Agosti msichana wa miaka 9 alitambuliwa palepale mpakani, naye akafariki. Hata hivyo, katika matukio hayo hakuna aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Wahudumu wa afya wapatao 4,700 walikuwa wamechanjwa mapema, na mipango ya serikali ilikuwa tayari. Hayo yote ni kweli. Nasi tunaongeza letu: aliyemwambia mama muuza samaki anawe mikono alikuwa mtu yuleyule aliyemtembelea alipojifungua, Jumatatu moja, kabla Ebola haijatajwa. Maneno yake hayakuhitaji kipaza sauti.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na wengine wakatekwa. Sisi huku kambini tulipopata habari tulilia, kwa sababu wauaji ni walewale waliotufukuza kwetu. Mazishi yalifanyika, magari ya viongozi yakaondoka, waandishi wa habari wakaondoka. Familia zikabaki na vitanda vitupu. Msiba wa namna hiyo hauhitaji hotuba nyingine. Unahitaji mtu wa kuja Jumatatu, na Jumatatu inayofuata.

SWALI LA POSHO

Sasa turudi kwenye swali letu. Hapa Uganda posho ni chakula cha sufuriani. Kwa Waswahili wa pwani posho ni pesa ya mfukoni. Huku kambini zote mbili zimepungua, na mwenye njaa haambiwi habari za Solferino. Kamati haisemi kwamba kazi ya bure ni tamu. Shirika likimpa mtu kazi ya kutwa, kuanzia asubuhi hadi jioni, na limlipe. Kumwita mfanyakazi «mtu wa kujitolea» ili asilipwe ni salongo iliyovaa fulana mpya.

Lakini kazi ya kikundi chetu si hiyo. Ni saa mbili tatu kwa wiki, kwa zamu, kwa jirani. Tuliwaona wenzetu wa Bwera wakati wa Ebola: mradi ulipokuwepo walipokea posho, na hapakuwa na ubaya. Mradi ulipofungwa wengine waliacha, nao hatuwalaumu, wana watoto. Waliobaki walirudi kwenye daftari la Alhamisi na mche wa sabuni. Kikundi kilikuwepo kabla ya mradi; kwa hiyo kiliweza kuwepo baada yake.

Hilo ndilo tulilojifunza kwao. Msaada mkubwa huja kwa lori na huondoka kwa lori, na tunaushukuru. Msaada mdogo una siku yake ya wiki, nao hurudi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikitobolewa wiki moja, kazi ya mwezi humwagika.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano wa Alhamisi uendelee, na daftari lisomwe hadharani. Pili, kila mtaa utoe watu wawili wa machela, wa kike na wa kiume, maana njia ya zahanati ni ndefu wakati wa mvua. Tatu, wazee walioijua salongo waje watuambie waziwazi tunapoanza kuamrisha badala ya kuomba. Tunahitaji masikio yao.

Kwa ndugu zetu wa Bwera na Kasese, hatuna zawadi ya kuwatumia. Tunawaambia tu kwamba Alhamisi saa kumi, huku nako, watu wanakutana.



Kamati ya Jamii