Kisomo Chenye Manufaa: Manufaa kwa Nani?

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inasema katika ibara ya 44 kwamba kufuta ujinga wa kutojua kusoma ni wajibu wa taifa, na kwamba serikali inapaswa kuandaa mpango maalumu wa kuutimiza. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inaiweka elimu ya watu wazima ndani ya elimu isiyo rasmi. Maandishi hayo ni ya Kifaransa, na neno linalobeba mzigo wote ni alphabétisation; mafunzo yakifungamanishwa na kazi ya mwanafunzi, huongezewa fonctionnelle. Lakini Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, ni mji unaoongea Kiswahili nyumbani, sokoni, bandarini na kanisani. Kila anayemwalika darasani mama wa miaka 40 hana budi kulifasiri neno hilo, na tafsiri atakayoichagua inamjulisha mama huyo tangu mapema atafundishwa nini na atapimwa kwa kipimo gani. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina tafsiri nzuri tayari, kisomo chenye manufaa; kwamba inalizidi neno lililofasiriwa; na kwamba ina pengo moja, hesabu, ambalo lazima lizibwe ili cheti cha mtu mzima kiwe na maana.

Fikra yenyewe ina historia inayojulikana. Mwaka 1956 Mmarekani William S. Gray, katika kitabu alichoandikia UNESCO juu ya ufundishaji wa kusoma na kuandika, alisisitiza kwamba mtu asihesabiwe kuwa anajua kusoma kwa sababu tu anatambua herufi; apimwe kwa shughuli ambazo jamii yake inazifanya kwa maandishi. Miaka miwili baadaye UNESCO ilikuwa bado inaridhika na kigezo chepesi: mtu anayeweza kusoma na kuandika kwa kuelewa sentensi fupi kuhusu maisha yake ya kila siku. Mwaka 1965 mawaziri wa elimu walikutana Tehran, na mpango wa majaribio ukazaliwa katika nchi 11, Tanzania ikiwa mojawapo. Huko, mikoa ya Ziwa Victoria ilipewa vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyojengwa juu ya pamba, ndizi, mifugo na uvuvi, na hapo ndipo istilahi kisomo chenye manufaa ilipozoeleka. Mitihani ya taifa ya Tanzania ya mwaka 1975 ilikuwa na madaraja manne. Aliyefika la nne ndiye aliyehesabiwa kuwa na kisomo chenye manufaa: aweze kusoma gazeti na kupata habari, kufuata maelekezo ya kitabu cha kilimo au afya, na kuweka hesabu rahisi za mapato na matumizi. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 39 mwaka huo hadi chini ya 10 mwaka 1986. Kutoka Kigoma hadi Kalemie ni ziwa tu; istilahi hii haihitaji pasipoti.

Ubora wake uko katika neno manufaa. Alphabétisation limejengwa juu ya alfabeti, na kwa hiyo linaashiria kwamba safari inaishia kwenye herufi: mtu akishajua a, e, i, o, u na kuandika jina lake, kazi imekwisha. Fonctionnelle inakuja kurekebisha kasoro hiyo, lakini yenyewe inasema tu kwamba kitu kinafanya kazi fulani, bila kutaja kinamfanyia nani. Wapo wanaopendekeza kisomo amilifu, kwa kufuata matumizi ya wanaisimu, au kisomo tumizi. Yote mawili ni maneno safi, ila yanarithi ukimya uleule. Manufaa halinyamazi. Ni ndugu wa kitenzi kufaa, na kufaa katika Kiswahili hupokea mtendwa kwa urahisi: kinanifaa, kinakufaa, kinawafaa. Ukisema kisomo hiki kina manufaa, msikilizaji wa kawaida atakuuliza papo hapo, manufaa kwa nani? Swali hilo limo ndani ya istilahi, na ndilo linalopaswa kuulizwa kila darasa linapofunguliwa na kila mtihani unapotungwa.

Pengo lake ni kwamba kisomo, kwa sikio la watu wengi, ni kusoma na kuandika tu. Tusijilaumu kupita kiasi. Waingereza nao waliona neno lao la kusoma halitoshi, na mwaka 1959 ripoti ya Crowther ikabuni jingine, numeracy, kwa ajili ya upande wa hesabu. Leo mtu mzima wa Uingereza aliyeacha shule bila cheti hufanya mitihani iitwayo Functional Skills, na humo Kiingereza ni mtihani mmoja na hesabu ni mtihani mwingine, kila mmoja na cheti chake. UNESCO ilipoandika upya fasili yake mwaka 1978, ilitaja kusoma, kuandika na kuhesabu pamoja. Tanzania inazungumzia stadi za KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kwa hiyo napendekeza istilahi kamili iwe kisomo na hesabu vyenye manufaa. Ni ndefu, lakini urefu wake unazuia kosa la kumpa mtu cheti cha nusu ya ujuzi.

Kalemie inaonyesha vizuri kwa nini nusu haitoshi. Mji unaishi kwa sarafu mbili: mzigo wa jumla hutajwa kwa dola, rejareja huuzwa kwa franka. Tuseme mfanyabiashara mdogo amenunua gunia la mchele la kilo 100 lililovuka ziwa, kwa dola 80, wakati dola moja ni franka 2,800. Ametoa franka 224,000. Akiuza kilo kwa franka 2,600 anapata 260,000, na akitoa 16,000 za usafiri na ushuru wa soko, faida ni 20,000. Wiki ya pili dola imepanda hadi franka 2,900, bei ya kilo haijabadilika, na mauzo yanaonekana yaleyale. Gunia sasa limegharimu 232,000, na faida ni 12,000. Franka 100 kwa kila dola zimekula asilimia 40 ya faida yake. Asiyeandika gharama, ushuru na kiwango cha siku ya kununua hataliona jambo hilo hadi mtaji upungue mkononi. Kusoma sentensi fupi kuhusu maisha ya kila siku, kile kigezo cha 1958, hakumsaidii hapa. Kinachomfaa ni jedwali la mistari mitano, kuzidisha, kutoa na asilimia.

Kuna pingamizi la haki: wauzaji hawa wanajua hesabu kuliko walimu wao, tena kwa kichwa. Ni kweli, na utafiti unaunga mkono. Nchini Brazil, katika mji wa Recife, Terezinha Carraher na wenzake waliwachunguza watoto watano wachuuzi na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Walipoulizwa bei na chenji wakiwa kwenye biashara yao, watoto walijibu sahihi takribani asilimia 98 ya maswali. Hesabu hizohizo zilipowekwa kwenye karatasi bila bidhaa, walipata kama asilimia 37. Lakini ushahidi huo haulifuti darasa la hesabu, unalielekeza. Mwalimu aanze na njia ambayo mwanafunzi tayari anaitumia kichwani, aiheshimu, kisha amwonyeshe namna ya kuiandika. Kichwa ni hodari kwa mauzo ya sasa hivi; kwa deni la miezi mitatu, makato ya kutuma fedha kwa simu au mgawanyo wa faida ya kikundi, karatasi haina mbadala, kwa sababu karatasi inaweza kuonyeshwa kwa mwenzako mkabishana juu yake.

Pingamizi la pili linahusu lugha. Ofisi ya Kongo inaandika Kifaransa, risiti na mikataba ni vya Kifaransa, na mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ni mlango wa Kifaransa. Kwa nini basi kumpotezea mtu mzima muda kwa Kiswahili? Jibu ni kwamba mambo hayo mawili yana mpangilio, hayashindani. Katiba yenyewe, katika ibara ya kwanza, inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Mtu hujifunza kusoma kwa haraka zaidi katika lugha anayoielewa, kwa kuwa hapo anapambana na kitu kimoja, maandishi, na si viwili kwa mpigo. Akishasoma Kiswahili, ujuzi wa kusoma hauhitaji kufundishwa upya. Kifaransa kinakuja kama lugha, na kinaweza kufundishwa kwa nyaraka zilezile anazokutana nazo: risiti, fomu ya hospitali, ankara, tangazo la bandari. Hicho ni Kifaransa chenye manufaa, na kinastahili mtihani wake na cheti chake, kama Kiingereza kilivyo na chake kwa mhamiaji wa Uingereza.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu: manufaa ni kamba fupi. Ukimfundisha mvuvi kusoma juu ya samaki tu, umemfunga kwenye mtumbwi. Tathmini ya ule mpango wa majaribio, iliyotolewa na UNESCO na UNDP mwaka 1976, ilikiri kosa la aina hiyo: mpango ulitazama mno uzalishaji na kuyapa kisogo mambo ya jamii, siasa na utamaduni. Hapa ndipo swali la manufaa kwa nani linaponyoosha mambo. Wakijibu wenye mpango peke yao, manufaa yatakuwa magunia mengi zaidi. Akijibu mwanafunzi, atataja pia kusoma maandiko ya dini bila msomaji, kuijua karatasi kabla ya kuitia dole gumba, kuyakagua madaftari ya mtoto na kupiga kura bila kuongozwa mkono. Istilahi haijambana, waliombana ni waliomjibia.

Wengine watahofia kwamba cheti cha namna hii kitakuwa cha daraja la pili. Hofu hiyo ina msingi pale cheti kisipofungua mlango wowote. Uingereza ilitatua tatizo hilo kwa kukipa cheti cha ngazi ya pili cha Functional Skills uzito unaolingana na ufaulu wa kawaida wa mtihani wa shule, ili chuo na mwajiri wakipokee. Kongo nayo tayari inawaruhusu waliojisomea wenyewe kufanya Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, kwa hiyo kanuni ya kupima ujuzi bila kuuliza umepatikana wapi si ngeni. Na wanaostahili si wachache. Elimu ya msingi ilianza kutolewa bure katika shule za serikali Septemba 2019. Waliokuwa watoto kabla ya hapo walisoma kwa minervali, yaani karo, iliyolipwa na wazazi, katika miaka ya vita na uhamisho, na wengi waliishia njiani.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaotunga vitabu, kufungua vituo na kuandaa mitihani ya watu wazima huko Kalemie. Andikeni kwenye kila cheti kisomo na hesabu vyenye manufaa, kisha mtahini hivyo hivyo: kifungu cha kusoma, barua ya kuandika, na hesabu ya dola na franka yenye gharama, ushuru na faida. Na kabla ya kutunga swali la kwanza, waulizeni watakaolijibu ni lipi litakalowafaa.