Sheria ya noti na hukumu ya duka: fedha za majimbo katika historia ya Kongo

1. Utangulizi

Je, mwenye duka analazimika kupokea noti au sarafu ambayo kazi yake inaishia katika jimbo moja? Na je, jimbo zima laweza kukataa noti ambayo serikali imeitangaza kuwa fedha ya nchi nzima? Mwanasheria atajibu kwa kufungua kitabu cha sheria. Mwanahistoria hana budi kuuliza zaidi: nani alipokea, nani alikataa, na hasara ilimwangukia nani? Katika makala haya tutaeleza kwamba nchini Kongo sheria na duka havikutoa hukumu moja sikuzote, na kwamba duka lilipokataa, mara nyingi lilikuwa na sababu ambayo sheria haikutaka kuisikia.

Kwanza tufahamu maana ya maneno. Fedha iliyo halali kwa malipo ni ile ambayo mdeni akiitoa, mdai hawezi tena kudai kwamba hakulipwa. Jambo hilo si sawa na fedha inayopokelewa. Mfano wa Scotland unaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Huko benki tatu za biashara hutoa noti zao wenyewe, na kwa sheria noti hizo si halali kwa malipo hata huko Scotland kwenyewe. Hata hivyo watu huzipokea kila siku bila wasiwasi, kwa maana benki hizo zinalazimishwa kuweka akiba ya kuzidhamini. Huko Uingereza, mwenye duka akizikataa, havunji sheria. Kwa hiyo noti yaweza kukosa nguvu ya sheria na bado ikanunua mkate. Historia yetu inaonyesha kinyume chake: noti yenye nguvu zote za sheria isiyonunua kitu.

2. Msalaba wa shaba na faranga ya Katanga

Katanga ilijua fedha yake kabla ya serikali ya kikoloni. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Misalaba ya namna hiyo ilitumika katika biashara na katika mahari. Hakukuwa na amri ya benki iliyoilazimisha. Thamani yake ilikuwa katika shaba yenyewe na katika mapatano ya watu.

Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, tarehe 11 Julai 1960, viongozi wake waliukumbuka msalaba huo. Benki ya Taifa ya Katanga ilianzishwa, ikatoa noti zake, na katika 1961 sarafu za faranga 1 na faranga 5 zenye msalaba wa shaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Hakuna dola hata moja iliyoitambua Katanga rasmi. Lakini ndani ya jimbo faranga ile ilifanya kazi, kwa sababu nyuma yake palikuwa na shaba na kodi za kampuni ya Union Minière. Kujitenga kulipokwisha katika Januari 1963, noti hizo zilibadilishwa kwa faranga ya Kongo, moja kwa moja. Aliyekuwa nazo hakupoteza kwa hesabu ya mabadilisho. Tuyakumbuke hayo tunapoyatazama yaliyofuata.

3. Noti ya milioni tano

Zaire, fedha iliyozaliwa katika 1967, ilianza na thamani ya dola 2 za Marekani. Imani ya watu iliharibika polepole. Katika Desemba 1979 serikali ilitangaza ghafula kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimefutwa, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa mfupi mno. Waliokuwa wameficha akiba yao nyumbani, mbali na benki, waliona karatasi mikononi mwao. Tangu siku hizo raia alijifunza kwamba aliyeandika thamani juu ya noti anaweza pia kuifuta.

Mwanzoni mwa 1993 Benki ya Zaire iliingiza noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliitangaza kuwa haina nguvu ya sheria. Rais Mobutu alishikilia kwamba inayo. Wafanyabiashara wa Kinshasa walikuwa kati ya amri mbili. Walichagua kukataa. Askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo walikwenda sokoni wakarudi mikono mitupu, ndipo wakashika silaha na kupora. Watu wengi waliuawa. Tarehe 28 Januari 1993 Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, naye aliuawa. Mwenye duka hakuwa ameichapa noti ile, wala askari hakuwa ameichapa. Lakini hao wawili ndio waliokutana nayo mezani.

4. Kasai inakataa

Katika Oktoba 1993 serikali ya Faustin Birindwa ilileta zaire mpya: moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Majimbo mawili ya Kasai yaliikataa. Sababu za siasa zilikuwepo: Tshisekedi alikuwa mwana wa Kasai, na Wakasai wengi walikuwa wamefukuzwa Katanga katika miezi hiyohiyo. Sababu ya mfuko ilikuwepo pia. Watu waliona kwamba serikali itachapa noti mpya bila kiasi, na hawakukosea: katika 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000.

Hivyo nchi moja ikawa na fedha mbili. Noti iliyofutwa na sheria ilinunua muhogo huko Mbuji-Mayi; noti iliyoamriwa na sheria ilirudishwa kwa mwenyewe. Mfanyabiashara aliyetoka Kasai kwenda Lubumbashi au Kinshasa alilazimika kubadilisha fedha kana kwamba anavuka mpaka wa dola.

Hukumu ya mwisho ilitolewa na serikali yenyewe bila kukusudia. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ya Kongo ilipoingia, ilihesabiwa hivi: faranga 1 kwa zaire mpya 100,000, au kwa zaire za zamani 14,000,000. Tukigawanya, zaire mpya moja, iliyozaliwa ikiwa na thamani ya zaire 3,000,000 za zamani, ilikuwa sasa sawa na 140 tu. Noti iliyopigwa marufuku ilikuwa imepata nguvu zaidi ya mara 20,000 mbele ya ile iliyochukua mahali pake. Zaidi ya hayo, kwa kuitajia bei, serikali ilikiri kwamba fedha iliyosema imekufa ilikuwa hai muda wote huo.

5. Hitimisho

Turudi kwenye swali letu. Kwa sheria, fedha ya taifa yapasa kupokelewa katika taifa lote, na tusidharau kanuni hiyo: bila hiyo maskini asiye na dola angekuwa mikononi mwa kila mwenye duka. Hata hivyo wajibu wa kupokea ni nusu ya mapatano. Nusu ya pili ni wajibu wa anayetoa kutochapa kupita kiasi na kutofuta usiku alichokiapia mchana. Pale nusu hiyo ilipovunjwa, mwenye duka alivunja yake.

Wala tusiwasifu Wakasai kana kwamba walivumbua dawa. Walijilinda na maradhi, kwa gharama ya kutengwa na ndugu zao. Swali ambalo watafiti wetu wangefaa kulifuatilia, wakati mashahidi wangali hai, linahusu nyumba: mwalimu, mjane na mchuuzi wa samaki walifanyaje siku ile noti yao ilipokataliwa? Kumbukumbu za benki zinahifadhi viwango vya kubadilishana. Majibu ya swali hilo yamo vinywani mwa watu, na mengi yake yamo katika Kiswahili.