NDEGE YA VITA YA 1945 NA ABIRIA WA DOLA 450

Wadau, kuna watu huko duniani hobi yao siyo magari ya zamani, ni NDEGE za zamani. Wananunua madege ya vita ya enzi za babu zetu, wanayafufua, halafu wanauza siti. Leo tucheki moja.

Hii ni B-17, dege la mabomu la Marekani, injini 4. Zilitengenezwa zaidi ya 12,000, leo zinazoruka hazifiki hata kumi. Hii ilitoka kiwandani 1945, vita inaelekea mwisho. Maisha yake muvi tosha: 1952 iliwekwa kwenye majaribio ya nyuklia, ikala milipuko mitatu. Ikauzwa kama skrepa, ikafufuliwa, ikawa inazima moto wa misitu. 1986 taasisi moja ikainunua, ikaipa jina la ndege nyingine iliyotamba vitani, Nine O Nine, ikawa inazunguka nayo miji ya Marekani.

Kikawaida ndege ya namna ile hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Serikali ikatoa kibali maalumu. Hapo mi nawaelewa, maana mafuta ya injini 4 nani atalipa? Kiingilio cha kuangalia tu hakitoshi. Kupanda ilikuwa kama dola 450 kwa kichwa.

Tarehe 2 Oktoba 2019, uwanja wa Bradley, Connecticut. Abiria 10, wahudumu wa ndege 3. Dakika chache tu angani injini namba 4 ikaanza kusumbua, rubani akaizima, akageuza. Akashusha matairi mapema mno, mwendo ukafa, dege likagonga taa kabla ya kufika njia ya kutua, likaacha njia, moto ukawaka. Wakafa 7: marubani wote wawili na abiria 5. Wangekufa wengi zaidi, ila abiria mmoja mwanajeshi alikuwa na glavu zake za kuzuia moto, akafungua mlango wenzake wakatoka.

Sasa noma iko kwenye uchunguzi. Rubani hakuwa mgeni, alikuwa na zaidi ya saa 7,000 kwenye B-17. Ila huyo huyo ndo alikuwa mkuu wa matengenezo! Injini namba 4 ilikutwa na magneto mbovu, yaani kile kifaa cha kutoa cheche. Injini namba 3, plagi zote zilihitaji kusafishwa. Machi 2020 kibali kikafutwa.

Wengi wanalaumu uzee wa ndege. Mi nakataa. Plagi chafu siyo uzee, hata fundi wa bodaboda anakwambia. Na abiria anayeona rangi inang'aa ataijuaje plagi?

Watetezi wanasema aliyepanda alijua anachopanda. Sawa. Ila 22 Agosti 2015, Shoreham, Uingereza, ndege ya vita ya miaka ya 50 ilikuwa inaonyesha mbwembwe angani, ikaangukia barabara kuu. Rubani akapona. Wakafa watu 11, wengine walikuwa wanapita zao tu na magari. Hao hawakununua tiketi yoyote.