Kwa nini kompyuta hushindwa kueleza kosa lilipo

MTU anayejifunza kuandika programu za kompyuta hukutana na makosa ya sintaksia kabla hajakutana na jambo jingine lolote. Anasahau mkato mmoja, au anafungua mabano asiyafunge, na kompyuta inakataa kazi yake ya asubuhi nzima kwa maneno mawili matatu ya Kiingereza yasiyomweleza alipokosea wala la kufanya.

Wapo wanaokata tamaa hapo hapo, wakidhani kwamba hawakujaliwa akili ya kazi hiyo. Mara nyingi, hata hivyo, lawama haimstahili mwanafunzi, bali inaustahili ujumbe aliopewa.

Sehemu ya programu inayotoa ujumbe huo huitwa kichanganuzi. Kazi yake ni kusoma maandishi ya mwandishi neno kwa neno, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuyalinganisha na kanuni za sarufi ya lugha husika. Kikikuta neno au alama isiyoruhusiwa mahali pale, hutangaza kosa.

Ugumu unaanzia hapo, kwani mahali kosa linapogundulika si lazima pawe mahali lilipofanyika. Chukua sentensi hii: Mama alinunua (nyanya, vitunguu na mchele sokoni jana kisha akarudi nyumbani.

Msomaji hawezi kulalamika kuhusu mabano hayo hadi afike kwenye nukta, kwa sababu yangeweza kufungwa wakati wowote kabla ya hapo. Na akishafika, hawezi kuapa kwamba yalipaswa kufungwa baada ya "mchele". Pengine ni baada ya "sokoni", pengine baada ya "jana". Jambo moja tu lina hakika: mabano yalifunguliwa kabla ya neno "nyanya" na hayakufungwa.

Ujumbe mwema ni ule unaosema hilo la hakika. Kwa miaka mingi lugha ya Python, ambayo ndiyo inayofundishiwa wanaoanza katika vyuo vingi duniani, haikufanya hivyo. Mwandishi aliyesahau kufunga mabano aliambiwa "invalid syntax", yaani sintaksia batili, huku kishale kikielekezwa kwenye mstari uliofuata ambao haukuwa na kosa lolote. Mwanafunzi aliweza kuukodolea macho mstari huo saa nzima bila kuona kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuona.

Toleo la 3.10 la lugha hiyo, lililotoka Oktoba 2021, ndilo lililobadili mambo. Sasa hutaja bano lenyewe, huonyesha mstari lilipofunguliwa na kusema kwamba halikufungwa. Aliyesahau nukta pacha huambiwa kwamba inatarajiwa nukta pacha. Aliyeandika alama moja ya usawa mahali pa mbili huulizwa kama hakukusudia mbili.

Mabadiliko hayo yaliwezekana kwa sababu mwaka mmoja kabla, katika toleo la 3.9, Python ilipewa kichanganuzi kipya kilichoandikwa na mwasisi wa lugha hiyo, Guido van Rossum, pamoja na Pablo Galindo na Lysandros Nikolaou. Kichanganuzi hicho husoma programu mara ya kwanza kwa kanuni za lugha sahihi pekee. Kikishindwa, hurudi mwanzo na kusoma mara ya pili, safari hii kikiwa na kanuni za ziada zinazoeleza makosa ambayo watu huyafanya kwa kawaida.

Ni mpango wa busara. Programu isiyo na kosa haicheleweshwi hata kidogo, na aliyekosea hatajali kusubiri sehemu ndogo ya sekunde ili apate maelezo yanayoeleweka.

Ikumbukwe kwamba suala hili si geni. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, programu zilitobolewa kwenye kadi, zikapelekwa kwenye chumba cha mashine, na mwenye nazo akasubiri majibu kwa saa kadhaa au hata hadi kesho yake. Kusahau alama moja kulimaanisha kupoteza siku.

Kwa sababu hiyo, Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kilitengeneza kompaila iliyoitwa PL/C, kwa ajili ya wanafunzi wa lugha ya PL/I. Richard Conway na Thomas Wilcox, walioieleza mwaka 1973, waliiunda isikatae programu yoyote: ilipokuta kosa la sintaksia ilikisia mwandishi alikusudia nini, ikarekebisha, ikamwandikia imefanya nini, kisha ikaendelea na kazi.

Ukisio huo wakati mwingine ulikuwa wa ajabu. Lakini kwa mtu aliyesubiri tangu jana, majibu nusu yalikuwa bora kuliko karatasi yenye kosa moja tu.

Zama zilipobadilika, wataalamu walizoea njia nyingine, ya kuviunda vichanganuzi kwa mashine. Programu ya Yacc, iliyoandikwa na Stephen Johnson katika maabara za Bell miaka ya 1970, ilipokea kanuni za sarufi na kuzigeuza kuwa majedwali. Majedwali hayo hutambua kosa mapema kabisa, kwenye neno la kwanza lisiloweza kufaa. Tatizo ni kwamba yanajua ni alama gani zinaruhusiwa pale, lakini hayajui mwandishi alikuwa katikati ya kuandika nini.

Ndiyo maana watengenezaji wa GCC, mojawapo ya kompaila zinazotumiwa zaidi duniani, waliachana na vichanganuzi vya majedwali na kuviandika upya kwa mkono: kile cha C++ mwaka 2004 na kile cha C mwaka 2006. Clang, iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Apple mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi. Ilinakili mstari wenye kosa, ikaweka kishale chini ya mahali penyewe, na pale ilipokuwa na uhakika ikaandika alama inayokosekana.

Kuna adha nyingine ambayo kila mwandishi wa programu anaifahamu, nayo ni mafuriko. Alama moja inakosekana, kompyuta inatangaza makosa 40. Chanzo ni kwamba kichanganuzi kikishakosa mwelekeo hujaribu kuendelea, na kila kinachofuata hukiona kuwa kosa. Dawa ya kale ni kuruka maneno hadi kwenye alama inayofahamika, kama vile nukta mkato, na kuanza upya hapo.

Kwa maoni yetu, leo ambapo programu ndogo husomwa ndani ya sekunde moja, kosa moja lililoelezwa vizuri lina thamani kuliko orodha ndefu. Anayekabiliwa na orodha hiyo na arekebishe la kwanza, kisha ajaribu tena. Mara nyingi mengine yote hutoweka.

Lugha ya ujumbe nayo ni jambo zito. Watumiaji wa PHP kwa miaka mingi waliambiwa kwamba kumeonekana "T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM" pasipotarajiwa. Hayo ni maneno ya Kiebrania yenye maana ya nukta pacha mara mbili, yaliyoingizwa na Waisraeli walioiandika upya PHP. Toleo la 8.0 la mwaka 2020 hatimaye likaanza kuionyesha alama yenyewe pekee.

Watu walicheka sana, na haki yao. Lakini kwa kijana asiyekimudu Kiingereza, ujumbe wa kawaida wa Kiingereza ni fumbo kama hilo hilo la Kiebrania.

Mtaalamu wa Uholanzi, Felienne Hermans, alilitazama jambo hilo alipoanzisha lugha ya kufundishia iitwayo Hedy mwaka 2020. Amri zake zimetafsiriwa katika makumi ya lugha, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo, na sintaksia huongezwa ngazi kwa ngazi. Katika ngazi za mwanzo mtoto huandika maneno bila alama za kunukuu, na alama hizo hudaiwa kuanzia ngazi ya nne, akiwa ameshazoea kuona programu yake ikifanya kazi.