Mkomani: Shamba Lililogeuka Jiji

Mkomani, kata ya eneo bunge la Nyali katika bara ya kaskazini ya Mombasa, leo huhesabiwa kuwa sehemu ya jiji, lakini kwa muda mrefu wenyeji wa kisiwa cha Mombasa waliijua kuwa upande wa mashamba, ambako minazi, miembe na mihogo yao ilihudumiwa na watumwa huku wao wenyewe wakiishi Mji wa Kale karibu na misikiti na bandari. Mkono wa bahari uliozitenga pande hizo mbili ulivukwa kwa mtumbwi kwa muda mfupi tu, hivyo kilichomtenga mtu wa shamba na mtu wa mjini hakikuwa umbali bali hadhi yake na ardhi aliyoimiliki.

Mji mdogo ulizuka hapo jirani mwaka 1875, pale wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyopewa jina la Sir Bartle Frere. Hapo palikuwa na shule, kanisa na kengele iliyoacha jina la Kengeleni hadi leo. Wakazi wake walijifunza kusoma na ufundi wa mikono, na baadhi ya watumwa wa mashamba ya karibu wakatorokea huko, jambo lililowaudhi sana mabwana zao.

Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani mwaka 1907, aliyeachwa huru hakupewa ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wayasajili, na matokeo yake yakawa mazito: ardhi kubwa iliandikishwa kwa majina ya watu wachache na makampuni, ilhali Wamijikenda wengi na wazao wa watumwa walibaki kuwa maskwota, yaani wakazi wasio na hati, juu ya ardhi waliyoilima. Dhuluma hiyo ndiyo mzizi wa tatizo la ardhi lililofuata.

Daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya lilifunguliwa mwaka 1931 na kampuni ya Nyali, iliyowatoza ushuru wavukaji. Miaka ya 1950 shauri kuhusu ushuru wa magari ya jeshi lilisikilizwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza. Daraja jipya la mwaka 1980 liliufungua upande huu kwa kasi, na nyumba za kifahari na hoteli zikasongamana ufukweni.

Hata hivyo, shamba na mji mdogo havikutoweka. Nyuma ya kuta za Nyali ziko nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na baraza mbele, ambazo makuti yake yamebadilishwa kwa mabati na kila chumba kina mpangaji wake. Minazi michache ingali inagemwa, na nazi na mboga hununuliwa katika soko la Kongowea lililo jirani. Katika sehemu nyingi za Mombasa, mwenye nyumba ya namna hiyo humiliki kuta na paa pekee. Kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi akijua kwamba anaweza kuamriwa kuhama. Kwa mkazi huyo jiji limefika na barabara, umeme na shule, ila haki ya ardhi aliyoikosa babu yake mwaka 1908 bado hajaipata, na kaunti na serikali kuu zinawajibika kumpatia.