Upemba: satelite haione njia zote
Parke ya Upemba, kaskazini ya Likasi, iliundwa mwaka 1939. Leo mutu anaweza kufuata miti yake kwa picha za satelite, lakini picha inaweza kudanganya. Mwezi wa nane, miti mingi ya miombo inaangusha majani; asiyejua atasema pori limekatwa juu ya makala, na kijiji kitashitakiwa bure. Njo maana mwezi wa nane unalinganishwa na mwezi wa nane wa mwaka mwingine, si na mwezi wa pili, wakati wa mvua.

Njia ndogo chini ya miti, ile satelite haione. Inaomba walinzi watembee na GPS, waandike kila mutego. Njia ya baiskeli zenye kubeba makala haifanane na ya wavuvi wa ziwa Upemba.