John Glenn na Watu wa Tunguu

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba turudi nyuma pamoja, hadi jioni ya Jumanne, tarehe 20 Februari 1962. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, tumekwisha fika katikati, na mwezi ulikuwa mpevu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane hapa Wete, na kazi yangu saa ile ilikuwa moja tu: kukaa karibu na jungu la uji na kungojea adhana ya magharibi.

Saa 11:47 jioni, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, huko Cape Canaveral, Marekani, ambako ilikuwa bado asubuhi, roketi iliondoka na mtu mmoja ndani ya chombo kidogo kilichoitwa Friendship 7. Mtu huyo alikuwa John Glenn. Nusu saa baadaye alikuwa anapita juu ya pwani yetu, nasi tulikuwa hatujafuturu.

Glenn alizaliwa tarehe 18 Julai 1921 katika mji mdogo wa Cambridge, jimbo la Ohio. Alikuwa rubani wa kijeshi, akapigana katika Vita Vikuu vya Pili na katika vita vya Korea. Mwaka 1957 aliendesha ndege ya kivita kutoka ukingo mmoja wa Marekani hadi mwingine kwa muda wa saa tatu na dakika 23, akavunja rekodi. Mwaka 1959 akawa mmoja wa marubani saba waliochaguliwa kwa mpango ulioitwa Mercury, wa kumpeleka mtu angani.

Marekani wakati ule ilikuwa nyuma. Yuri Gagarin wa Urusi alikuwa ameizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, na mwenzake Titov akafuata mwezi wa Agosti. Wamarekani wawili, Shepard na Grissom, walikuwa wamerushwa juu wakashuka kwa dakika chache tu bila ya kuizunguka dunia. Safari ya Glenn ndiyo iliyokuwa ya kuonyesha kama Marekani nayo inaweza. Iliahirishwa mara nyingi, hata watu wakaanza kuchoka kungoja.

Sasa sisi tunaingia wapi? Chombo kikizunguka dunia kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, kituo kimoja cha Marekani hakiwezi kukifuata. Kikishazama nyuma ya upeo wa macho, sauti inakatika. Kwa hiyo Wamarekani walipanga vituo kuizunguka dunia, vingine nchi kavu na vingine ndani ya meli: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano huko Nigeria, Zanzibar, meli katika Bahari ya Hindi, Australia, na kuendelea. Kituo chetu kilikuwa Tunguu, kisiwani Unguja. Chombo kikipita, mitambo ya Tunguu ilipokea habari za mapigo ya moyo wa rubani, pumzi zake na hali ya chombo chake, na watu wa pale wakazungumza naye kwa dakika chache kabla hajazama upande wa mashariki.

Pale juu ya Zanzibar ndipo daktari wa kituo alipotaka kujua hali ya Glenn. Rubani alikuwa amefanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira. Moyo ukapanda kutoka mapigo 80 hadi 124 kwa dakika, na baada ya dakika mbili hivi ukarudi 84. Akasoma na ubao wa kupima macho bila taabu, maana madaktari wengine waliogopa kwamba mtu asiye na uzito angeharibika macho. Baada ya hapo akaingia juu ya Bahari ya Hindi na kuliona jua likizama. Machweo yale yale ndiyo tuliyokuwa tukiyangojea sisi ili tufungue kinywa.

Usiku ulipomkuta, akiwa njiani kuelekea Australia, alisema anakiona wazi kile kikundi cha nyota tunachokiita Kilimia. Babu yangu alikuwa mvuvi, na Kilimia alikijua kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Wazee wametuachia usemi kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Basi usiku ule wawili hawa, mmoja ndani ya chombo na mmoja juu ya ngalawa, walikuwa wakitazama nyota zile zile.

Habari hizi nilizipata kwa mjomba wangu. Alikuwa dereva pale Tunguu, na Sikukuu ilipofika akaja Pemba kwa meli na hadithi tele. Akatueleza jinsi mtambo wa kuongoza chombo ulivyosumbua mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, Glenn akashika usukani kwa mkono wake. Akatueleza kwamba ilitoka ishara ya kuonyesha kuwa ngao ya kuzuia moto imelegea. Ngao ile ikitoka, chombo kinaungua pamoja na aliyemo wakati wa kurudi. Wakubwa wa chini wakaamua zile roketi ndogo za kupunguzia mwendo zisitupwe, zibaki zimefungwa juu ya ngao ili ziishikilie. Glenn alirudi akiona vipande vya moto vikipita dirishani, asijue kama ni roketi zile au ngao yenyewe. Baadaye ikajulikana kwamba ishara ilikuwa ya uongo. Akatua baharini salama baada ya mizunguko mitatu, saa nne na dakika 55.

Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na chini nani?"

Mjomba hakuelewa. Babu akamwambia kwamba katika msimu wa karafuu, anayesifiwa ni aliyepanda juu ya mti. Lakini tawi likianza kulia, anayelisikia ni aliye chini.

Swali lile sijalisahau. Glenn mwenyewe alilijua jibu lake. Kabla ya kuruka, alitaka hesabu za mashine zikaguliwe kwa mkono na Katherine Johnson, mwanamke mweusi aliyekuwa mwanahisabati katika shirika la anga la Marekani. Johnson alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101, na dunia imemjua akiwa ajuza. Ilikuwa karibu asijulikane kabisa.

La Tunguu nalo lina upande wake wa pili, na haifai kulificha. Mkataba wa kituo kile, mwaka 1960, ulifanywa kati ya Uingereza na Marekani.  Chama cha ZNP kilikipinga hadharani, na watu wengi waliamini kwamba ni kituo cha makombora. Leo tunajua hapakuwa na kombora Tunguu, ni mitambo ya kusikiliza tu. Lakini tusiwacheke wazee wetu. Roketi iliyomrusha Glenn, Atlas, ilibuniwa kwanza kubeba mabomu ya nyuklia. Hofu yao haikutoka hewani.

Mwezi wa Mei 1963, Gordon Cooper alipopita juu ya Zanzibar katika safari ya mwisho ya Mercury, alituma salamu za heri kwa viongozi wa Afrika waliokuwa wakikutana Addis Ababa. Miezi minane baadaye yakaja Mapinduzi. Wamarekani wengi waliondolewa kwa manowari yao, na mwezi wa Aprili 1964 serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondolewe. Kikaondolewa, na kazi yake ikahamia Madagaska. Mjomba akarudi Pemba, akaendesha gari la karafuu hadi uzee wake.

Glenn yeye aliendelea. Alichaguliwa seneta wa Ohio mwaka 1974, akakaa katika kiti hicho hadi 1999. Aligombea kuteuliwa na chama chake kwa urais wa 1984, akashindwa. Mwezi wa Oktoba 1998, akiwa na miaka 77, alirudi angani kwa siku tisa, safari hii ili madaktari wachunguze mwili wa mzee unavyokuwa kule juu. Mtu aliyekwenda ujanani kwa ujasiri alikubali kwenda uzeeni kama mgonjwa wa kupimwa, nami namheshimu zaidi kwa hilo la pili. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016, akiwa na miaka 95, wa mwisho katika wale saba.

Siku ile redio ilipotoa habari ya kifo chake, nilimkumbuka mjomba, ambaye alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Habari za Glenn zimo katika vitabu visivyohesabika, kila neno alilosema juu ya Zanzibar limeandikwa. Hadithi ya mjomba imo kichwani mwangu tu, nami sikuwahi kumwuliza hata aliendesha gari la namna gani.

Ndugu msikilizaji, kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule sasa amepita themanini. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi Tunguu, awe mlinzi, mpishi au mpagazi wa masanduku yale ya mitambo, usingoje. Chukua daftari, kaa naye barazani, umwulize swali la babu yangu: na chini nani?